Nomino za pekee na nomino za kawaida katika Kiingereza: mwongozo kamili kwa anayefikiri kwa Kiswahili

Katika madaftari ya kidato cha kwanza kuna sentensi moja ambayo nimeisahihisha mara nyingi sana, mwaka baada ya mwaka: “My Father is a Farmer in morogoro.” Maneno yamepangwa vizuri na kitenzi kiko mahali pake. Lakini herufi kubwa zimekwenda kwa baba na kwa kazi yake, huku mji wa Morogoro ukiachwa na herufi ndogo. Mwanafunzi huyu hakuandika ovyo. Alikuwa na kanuni yake kichwani: baba ni mtu wa kuheshimiwa, kazi inayotulisha nayo ni ya kuheshimiwa, basi vyote vipewe herufi kubwa. Morogoro ni mahali tu.

Kanuni hiyo ndiyo ya kung'oa kwanza. Herufi kubwa ya Kiingereza si shikamoo. Haitolewi kwa sababu mtu ni mkubwa, kitu ni cha thamani, au neno lina uzito katika habari. Hutolewa kwa neno linaloita, yaani jina ambalo mtu, mahali au kitu fulani kimepewa kiwe chake. Neno linalotaja aina ya kitu hubaki na herufi ndogo, hata kama kitu chenyewe ni ikulu.

Nimeuandika mwongozo huu nikimfikiria mtu aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha akakikuta Kiingereza kikimsubiri karibu kwenye kila somo la sekondari, kama ilivyo kwa wengi Tanzania. Namfikiria pia mzazi anayekaa na mtoto jioni kumsaidia kazi za shule, na mtu mzima anayeandika barua ya kuomba kazi.

Majina yenyewe yana maana gani

Kiingereza huita aina hizi mbili “common noun” na “proper noun”. Sisi tunasema nomino ya kawaida na nomino ya pekee. Wengine walifundishwa majina ya kawaida na majina ya pekee. Ni kitu kilekile.

Neno “proper” limewapotosha wengi, kwa kuwa katika Kiingereza cha siku hizi lina maana ya sahihi au -a kufaa. Mwanafunzi akisikia “proper noun” hudhani ni nomino iliyo bora kuliko nyingine. Hapa neno hilo limebaki na maana ya zamani, ya asili yake ya Kilatini, “proprius”: -a mwenyewe, -a mtu binafsi. Na “common” imetoka kwenye “communis”, yaani -a wote, -a shirika. Kwa hiyo “proper noun” ni jina la mwenyewe, na “common noun” ni jina la shirika. Mto wowote duniani una haki ya kuitwa “river”. “Rufiji” ni mali ya Rufiji.

Ukilishika hilo umeshika nusu ya kazi.

Hatua ya kwanza: zitafute nomino zote, na usizitazame herufi kubwa

Makosa mengi huzaliwa kwa kuanzia na herufi kubwa: mtu huona neno lina herufi kubwa, anasema ni nomino ya pekee. Lakini neno la kwanza la sentensi huwa na herufi kubwa hata likiwa “because”. Neno “I” lina herufi kubwa na si nomino, ni kiwakilishi. Na “Tanzanian” katika “Tanzanian coffee” ni kivumishi, kinatueleza kahawa ni ya wapi.

Katika Kiswahili nomino hujitambulisha yenyewe, kwa sababu inatawala maneno yanayoifuata: kitabu changu kimepotea, mti wangu umekauka. Kiingereza hakina ngeli, kwa hiyo tafuta ishara nyingine. Je, neno limetanguliwa na “a”, “the”, “my”, “this” au “many”? Je, linaweza kuongezwa “s” ya wingi? Je, limekuja baada ya “in”, “at”, “of” au “with”? Likiwa na mojawapo ya ishara hizo, kuna uwezekano mkubwa kuwa ni nomino au kundi linaloishia na nomino. Pigia mstari.

Zoezi ninalolipendelea kuliko yote ni hili: chukua habari fupi ya Kiingereza, inakili yote kwa herufi ndogo tupu, iache mpaka kesho yake, kisha irudishe herufi kubwa mwenyewe bila kuangalia kitabu. Inaonekana kama mchezo wa watoto, lakini hapo ndipo utalazimika kufikiri, kwa sababu huna cha kukuongoza isipokuwa maana.

Wazee wetu wa pwani walifanya kazi hiyo kila siku. Kiswahili kiliandikwa kwa hati za Kiarabu kwa karne nyingi kabla ya hati za Kilatini kushika nafasi, na hati za Kiarabu hazina herufi kubwa na ndogo. Msomaji wa Lamu au Pate aliyekutana na neno “baraka” katika barua alijua kwa maana yake kama ni mtu anayeitwa Baraka au ni kheri iliyoshuka. Vilevile unapomsikiliza mtu akizungumza husikii herufi kubwa, na bado humchanganyi Neema na neema. Tofauti iko kwenye kazi ya neno. Herufi inafuata nyuma.

Hatua ya pili: uliza, linaita au linataja aina?

Hapa kuna vipimo viwili vya kufanya kwa Kiswahili kichwani, kabla hujaandika lolote kwa Kiingereza.

Kipimo cha kwanza ni swali. Nomino ya kawaida inakubali swali “ni kitu gani?” Mtoto akikuuliza, mto ni kitu gani, utamwambia ni maji yanayotiririka toka mahali fulani hadi ziwani au baharini. Nomino ya pekee inakataa swali hilo, inataka “ni nani?”, “ni upi?” au “iko wapi?” Huwezi kuuliza Hamisi ni kitu gani, unauliza Hamisi ni nani. Kamusi inaweza kukueleza maana ya “teacher”, lakini ili kumjua Hamisi ni lazima uonyeshwe Hamisi.

Kipimo cha pili ni neno “kila”. Kila mji, kila mwalimu, kila mlima: inakaa vizuri, kwa hiyo “city”, “teacher” na “mountain” ni nomino za kawaida. Kila Mombasa, kila Kilimanjaro: sikio lenyewe linakataa. Kipimo hiki kina mwanya mmoja ambao ni vema ukaujua mapema. Siku na miezi hukubali “kila”, maana tunasema kila Ijumaa, na Kiingereza nacho husema “every Friday”. Hata hivyo Kiingereza huzihesabu siku na miezi kuwa nomino za pekee na kuziandika kwa herufi kubwa daima. Hizo kariri tu.

Usitumie kipimo cha “kiko kimoja tu”. Hicho ndicho kinachofundishwa sana, na ndicho kinachovunjika haraka. Akina Juma wako maelfu kwa maelfu, na “Juma” bado ni nomino ya pekee kwa kila mmoja wao, kwa kuwa kila mmoja alipewa jina hilo liwe lake. Upande wa pili, jua tunaloliona ni moja, na bado katika maandishi ya kawaida Kiingereza huandika “the sun” kwa herufi ndogo, kama “the moon” na “the sky”. Vitabu vya elimu ya anga huandika “the Sun” na “the Moon” kwa herufi kubwa, kwa sababu huko yanatumika kama majina ya vitu mahususi vya angani, sawa na “Mars” na “Jupiter”, ambazo daima ni za herufi kubwa.

Mpaka huu wakati mwingine husogea hata kwa Waingereza na Wamarekani wenyewe. Kwa miaka mingi magazeti yaliandika “the Internet”, kama jina la mtandao mmoja mahususi. Mwaka 2016 shirika la habari la Associated Press likaelekeza waandishi wake waandike “the internet”. Kitu hakikubadilika, ila watu waliacha kukiona kama jina, wakakiona kama huduma mojawapo, mfano wa umeme au maji ya bomba.

Hatua ya tatu: herufi kubwa, mahali ambapo Kiswahili kinatuponza

Jamaa na ndugu ndipo makosa yanapojaa, kwa hiyo tukae hapa kidogo. Katika Kiingereza “mother”, “father”, “grandmother” na “uncle” ni nomino za kawaida, lakini mtu anaweza kuzitumia kama jina. Ili kujua ni lipi kati ya hayo, weka jina la mtu mahali pa neno hilo uone kama sentensi inasimama.

“My mother is a nurse.” Weka Asha: “My Asha is a nurse.” Haikai vizuri. Basi herufi ndogo: “my mother”.

“Where is Mother?” Weka Asha: “Where is Asha?” Imesimama sawasawa. Basi herufi kubwa.

Kwa kipimo hicho utaona kwa nini “Aunt Zuhura” ina A kubwa lakini “my aunt Zuhura” ina ndogo. Katika sentensi ya kwanza “Aunt Zuhura” lote ni jina la kumwitia. Katika ya pili, “my aunt” ni maelezo ya uhusiano wetu, na jina ni Zuhura peke yake.

Sasa linakuja jambo letu wenyewe. Sisi humwita mwanamke kwa jina la mtoto wake: Mama Asha, Mama Juma. Hilo kwetu ni jina kamili, wakati mwingine majirani hawalijui jingine. Mwanafunzi akilitafsiri huandika “Mother Asha”, na Mwingereza akisoma atamwona sista wa kanisani, kwa mfano wa “Mother Teresa”. Unayo njia mbili nzuri. Liache kama lilivyo, “Mama Asha”, na herufi kubwa zake zote mbili, kwa sababu ni jina. Au eleza uhusiano: “Asha's mother”, na herufi ndogo kwenye “mother”, kwa sababu sasa umetaja aina.

Vyeo vinafuata njia hiyohiyo. “President Nyerere” ni cheo kilichoshikamana na jina, herufi kubwa. “Nyerere was the first president of Tanzania” ni nafasi ya kazi, na waandishi wengi hutumia herufi ndogo hapo. “Doctor Salum” kubwa, “the doctor” ndogo, lakini ukimwita ana kwa ana, “Yes, Doctor”, inarudi kubwa. Ikiwa shule au ofisi yako ina mwongozo wake unaotaka “the President” kwa herufi kubwa kila mahali, ufuate huo ukiwa huko. Ila ujue ni desturi ya ofisi, si sarufi.

Masomo ya shule huwasumbua hata waliomaliza chuo. Lugha zote ni nomino za pekee: “English”, “Swahili”, “French”, “Arabic”. Masomo mengine ni nomino za kawaida: “mathematics”, “history”, “biology”, “geography”. Kwa hiyo katika barua ya kuomba kazi utaandika “I passed English, history and mathematics.” Mtu akiona E kubwa pale mwanzo hushawishika kuyapa mengine herufi kubwa ili yalingane. Yasilingane. English inaibeba herufi yake kwa sababu ni jina la lugha, si kwa sababu ni somo.

Majira ya mwaka yana herufi ndogo: “summer”, “winter”, “the rainy season”. Kwetu pia masika na kiangazi ni herufi ndogo, basi hapo hakuna shida. Sikukuu na miezi mitukufu ni kubwa: “Christmas”, “Easter”, “Eid”, “Ramadan”. Dini nazo kubwa: “Islam”, “Christianity”. “God” ina herufi kubwa pale anapotajwa Mungu mmoja anayeabudiwa, kwa sababu linatumika kama jina. “The gods of ancient Egypt” ni herufi ndogo kwa kuwa ni aina.

Pande za dunia: “north” ukiwa unaonyesha mwelekeo, “North” ikiwa ndani ya jina. “We drove south” ndogo. “South Africa” kubwa. 

Kisha kuna nomino za kawaida zilizomezwa ndani ya majina. “Lake”, “mount”, “ocean”, “bank” na “university” ni nomino za kawaida zikiwa peke yake. Zikiingia ndani ya jina zinavaa herufi kubwa pamoja na jina zima: “Lake Tanganyika”, “Mount Kenya”, “the Indian Ocean”, “Makerere University”. Maneno madogo ya katikati, kama “of” na “the”, hubaki madogo: “the Bank of Tanzania”, “the Democratic Republic of the Congo”. Na neno likitoka nje ya jina linavua herufi yake. “Lake Tanganyika is very deep. The lake touches four countries.” Katika sentensi ya pili, “lake” imerudi kuwa ziwa tu, ingawa sote tunajua ni ziwa lilelile. Wanafunzi wengi huiacha L kubwa hapo kwa kudhani kitu hakijabadilika. Kitu hakijabadilika kweli. Neno ndilo limebadili kazi.

Hatua ya nne: “a”, “the”, au hakuna

Kama tofauti hii ingekuwa ya herufi tu, ningemwambia mtu akariri orodha aende zake. Uzito wake uko hapa. Kiswahili hakina vineno kama “a” na “the”. Tunasema “nimenunua kitabu”, na msikilizaji anajua mwenyewe kama ni kitabu chochote au kile tulichozungumzia jana. Kiingereza hakikubali hivyo. Nomino ya kawaida inayohesabika, ikiwa katika umoja, haitembei bila kitu mbele yake: “a book”, “the book”, “my book”, “this book”. Kuandika “I bought book” ni sawa na kusema “nimenunua tabu” ukaacha kiambishi cha ngeli.

Nomino ya pekee inakwenda kinyume. Kwa kawaida haitaki kitu mbele yake, kwa sababu jina lenyewe limeshaonyesha ni nani au ni wapi. “Hamisi came.” “I live in Tanga.” Kuandika “the Tanga” kunamfanya msomaji angoje kitu kingine nyuma yake, labda “the Tanga bus”.

Kwa hiyo ukishaamua nomino ni ya aina gani, umeamua pia nusu ya swali la “the”. Ila majina ya mahali yana desturi zake, na hizi ndizo unazozihitaji mara kwa mara:

Bila “the”: watu, miji, nchi nyingi, bara, mlima mmoja, ziwa moja, kisiwa kimoja, barabara. “Kenya”, “Africa”, “Mount Kilimanjaro”, “Lake Victoria”, “Pemba”, “Samora Avenue”.

Na “the”: mito, bahari, majangwa, safu za milima, makundi ya visiwa. “The Nile”, “the Rufiji”, “the Indian Ocean”, “the Sahara”, “the Usambara Mountains”, “the Comoros”.

Ukitazama vizuri utaona wingi unavuta “the”: mlima mmoja hauna, milima mingi inayo, kisiwa kimoja hakina, visiwa vingi vinavyo. Pemba haina, Komoro inayo.

Nchi zina siri nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Jina likiwa na neno la aina ndani yake, kama jamhuri, ufalme, usultani, muungano wa nchi au emirati, linachukua “the”. Nchi yetu ni mfano mzuri wa darasani: “Tanzania” haina, “the United Republic of Tanzania” inayo. “Oman” haina, “the Sultanate of Oman” inayo. Ndiyo maana pia “the United Kingdom”, “the United States” na “the United Arab Emirates”. “Republic” na “sultanate” ni nomino za kawaida, na zinapoingia kwenye jina namna hiyo huja na “the” yao. Vyuo hufuata mantiki hiyohiyo: “the University of Dar es Salaam” ina “the” kwa sababu imejengwa kwa “university of”, lakini “Makerere University” haina.

“The” hizi huandikwa kwa herufi ndogo katikati ya sentensi. Majina machache tu huipa herufi kubwa kwa kuwa ni sehemu ya jina lenyewe, kama “The Gambia” na mji wa “The Hague”.

Hatua ya tano: maneno yanayovuka mpaka

Sehemu hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na Mswahili anaielewa haraka kuliko anavyojidhania, kwa kuwa anaiishi.

Kutoka kawaida kwenda pekee: neema, baraka, zawadi, subira, tumaini, amani. Kila darasa lina mmoja wao. “Neema alipata neema” haimchanganyi mtu. Kiingereza kina “Grace”, “Mercy”, “Faith”, “Hope”, “Joy” na “Rose”, na wengi wao wanaishi mtaani kwetu. “Mercy begged for mercy.” “Rose bought a rose.” Neno la kwanza linaita, la mwisho linataja aina, na herufi zinafuata. Simba ni mnyama, na Simba ni klabu ya Dar es Salaam. Uhuru ni hali ya kutotawaliwa, na Uhuru ni jina la kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari; kwa Kiingereza ni “Uhuru Peak”, si “freedom peak”.

Mfano ulio bora kwangu ni wa Julius Nyerere. “Mwalimu” ni nomino ya kawaida, kila shule inao walimu. Lakini ukiandika “Mwalimu aling'atuka mwaka 1985”, hakuna Mtanzania atakayeuliza mwalimu yupi. Neno la aina limekuwa jina. Ukiandika habari hiyo kwa Kiingereza, acha “Mwalimu” kwa herufi kubwa na bila “the”. Ukiandika “the teacher left office in 1985” sarufi ni safi, lakini umempoteza mtu mwenyewe.

Hadithi za wanyama zina kanuni yao. Sisi husema Sungura akamwambia Fisi, tukiwachukulia kama watu wenye majina. Kwa Kiingereza una njia mbili, na zote ni sahihi: “Hare said to Hyena”, herufi kubwa bila “the”, au “the hare said to the hyena”, herufi ndogo na “the”. Chagua moja uishike mpaka hadithi iishe. Ukiandika “the Hare said to hyena” umesimama kwenye mitumbwi miwili.

Kutoka pekee kwenda kawaida: Bajaj ni kampuni ya India inayotengeneza vyombo vya moto. Dar es Salaam jina hilo liligeuka bajaji, likapata wingi na ngeli, na leo bajaji ni chombo chochote cha magurudumu matatu hata kikitoka kiwanda kingine. Toyota Coaster imekuwa kosta kwa njia hiyohiyo. Katika Kiswahili ni sawa kabisa. Katika Kiingereza, “Bajaj” bado ni jina la kampuni na lina herufi kubwa. Chombo chenyewe kwa ujumla ni “a three-wheeler”, na Nairobi na Mombasa watakuelewa ukisema “a tuk-tuk”. Vivyo hivyo na dawa ya meno: dukani tunaomba Colgate hata tukipewa nyingine, lakini kwenye mtihani andika “toothpaste”.

Kiingereza nacho kimepitia njia hiyo. “Aspirin” ilikuwa jina la biashara la kampuni ya Bayer ya Ujerumani, na mwaka 1921 mahakama nchini Marekani iliona kuwa kwa wanunuzi wa kawaida neno hilo limeshakuwa jina la dawa yenyewe. Huko leo linaandikwa kwa herufi ndogo.

Wanaosoma fizikia waangalie hapa. Vipimo vingi vimetokana na majina ya wanasayansi: Isaac Newton, James Watt, Alessandro Volta. Mtu ana herufi kubwa, kipimo kina ndogo: “Newton was born in England”, lakini “a force of ten newtons”. Kifupisho cha kipimo hicho kinarudi kwenye herufi kubwa, N, kama W ya “watt” na V ya “volt”. “Degrees Celsius” inabaki na C kubwa.

Yapo pia maneno yanayobadilika maana kabisa kwa herufi ya kwanza. “China” ni nchi, “china” ni vyombo vya kauri; na vipande vya kauri hiyo vimechimbuliwa Gedi na Kilwa, kwa hiyo neno hilo lina historia mpaka kwenye pwani yetu. “Polish” ni -a Poland, “polish” ni kung'arisha viatu. “March” ni mwezi, “march” ni kwenda kwa gwaride. “Turkey” ni Uturuki, “turkey” ni bata mzinga, na ndege huyo alipata jina lake kwa sababu Waingereza walimchanganya na ndege mwingine, kanga, aliyewafikia kupitia nchi za Waturuki.

Mwisho wa hatua hii, usishtuke ukikuta nomino ya pekee ina “a” au “s” ya wingi. “There are three Jumas in my class.” “He drives a Toyota.” “We visited the Kamaus”, yaani familia ya akina Kamau. Majina yanatumika kana kwamba ni aina, lakini herufi kubwa inabaki. “A Tanzanian” nako ni hivyohivyo: linahesabika kama nomino ya kawaida, linaandikwa kwa herufi kubwa, na vitabu vya shule huliweka pamoja na nomino za pekee. Liandike kwa herufi kubwa na uendelee na safari.

Hatua ya sita: fungu la kusahihisha

Hili nimelitunga kwa kukusanya makosa ninayokutana nayo. Lina makosa ya herufi na ya vineno. Lisahihishe kwa penseli kabla ya kushuka chini.

“My Brother hamisi is a Teacher. He lives in the tanga and teaches english and Mathematics at Secondary School near indian ocean. Every friday he visits our Grandmother. Last december he climbed the mount Kilimanjaro with two american Tourists. He says the Mountain is colder than any Winter in the europe. Now he wants to see nile and buy bajaj.”

Jibu:

“My brother Hamisi is a teacher. He lives in Tanga and teaches English and mathematics at a secondary school near the Indian Ocean. Every Friday he visits our grandmother. Last December he climbed Mount Kilimanjaro with two American tourists. He says the mountain is colder than any winter in Europe. Now he wants to see the Nile and buy a three-wheeler.”

Mengi yanajieleza. Matatu yanahitaji neno. “Secondary school” imepata “a” na herufi ndogo kwa sababu hatukuitaja kwa jina. Tungeitaja, “a” ingeondoka na herufi zingekua. “American” ni kivumishi, lakini kimetokana na jina, kwa hiyo kinabeba herufi kubwa huku “tourists” ikibaki ndogo. Na kama Hamisi anataka Bajaj halisi, ya kampuni hiyo na si ya nyingine, basi “a Bajaj” kwa B kubwa ni sahihi pia. Itabidi umuulize yeye.